Ombi la Kuazimwa Mama wa Mchana

Nuha Abdulhafidh,
Vickery Meadow,
Dallas, Texas.
Jumapili, 12 Septemba 2004

Mhariri,
Jarida la Baraza la Majirani,
Dallas.

Ndugu Mhariri,

KUH: UHABA WA MAMA KATI YA SAA MBILI ASUBUHI NA SAA KUMI NA MOJA JIONI

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu, na sipendi mtu mzima asimame kwa ajili yangu.

Mimi ni msomaji wa jarida lako tangu lilipoanza kuwekwa pale kwenye duka la nyama halali, juu ya friza la samaki. Nina miaka kumi na sita na niko darasa la kumi na moja. Si msemaji. Shuleni wako walimu wawili wanaoamini kwamba bado sijajifunza Kiingereza, nami sijapata nafasi nzuri ya kuwasahihisha. Lakini nikipewa karatasi hujitahidi, na Kiswahili changu nimekitunza kwa kusoma kila kilichochapwa kwa lugha hiyo kinachofika Texas, pamoja na maelezo ya nyuma ya paketi za unga. Katika toleo lililopita ulichapa barua ya bwana aliyelalamikia harufu ya dagaa katika chumba cha kufulia nguo. Nikaona kwamba huogopi mambo mazito.

Nakuandikia wewe badala ya kuiandikia ofisi inayohusika kwa sababu ofisi hiyo hupokea malalamiko kwa njia ya sanduku la maoni, na sanduku hilo limewekwa ndani ya ofisi, na ofisi huwa imefungwa kila wakati sisi tunapokuwa na nafasi ya kulalamika.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu, Mansour, ana miaka minane na ana pumu. Kadi yake ya matibabu, ile ambayo serikali huwapa watoto wa watu wenye mishahara mifupi, inakwisha mwisho wa mwezi huu. Bila kadi hakuna daktari, na bila daktari hakuna ile dawa ya kuvuta ambayo Mansour huitembeza mfukoni kama wenzake wanavyotembeza gololi. Iliyopo sasa ukiitikisa inajibu kwa sauti ndogo sana. Ili kadi ihuishwe, yaani ifanywe upya, Mama anatakiwa afike mwenyewe katika ofisi ya misaada, akae foleni, aonane na karani. Hilo tu. Mama yangu, Bi. Badria, hajawahi kukataa kufika mahali alipoitwa. Tatizo ni kwamba anafanya kazi.

Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, ili ukichoka ujue umeishia wapi.

1. Kuhusu saa. Ofisi ya misaada hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mama yuko ghalani, akipanga viatu vya watu wengine katika maboksi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukizichora saa hizo kwenye karatasi, kama nilivyozichora mimi, utaona kwamba ofisi imelala ndani ya kazi ya Mama kama kichanga ndani ya khanga, haikutokeza hata kidole. Siwalaumu. Huenda waliozipanga saa hizo walidhani kwamba mtu akishapata kazi haumwi tena, wala watoto wake.

Jumamosi na Jumapili ofisi inapumzika, na hizo ndizo siku ambazo Baba, Bw. Abdulhafidh, anayeendesha teksi Houston, huja Dallas kutuona. Kwa hiyo mwisho wa wiki tuna wazazi wawili na hatuna ofisi, na katikati ya wiki tuna ofisi na hatuna hata mzazi mmoja.

2. Kuhusu simu. Tuliambiwa kwamba asiyeweza kufika apige simu. Mama alilipokea jambo hilo vizuri sana. Mapumziko yake ya asubuhi ni dakika kumi na tano. Simu ya ofisi hupokewa na sauti ya kike, yenye adabu kuliko watu wengi ninaowajua, inayosema kwamba simu yetu ni muhimu mno kwao, kisha unaanza muziki. Mama ameusikiliza muziki huo wiki nzima, amesimama kando ya mashine ya soda, na hajawahi kuufikia mwisho wake. Sasa anauimba akikaanga sambusa, na Mansour anaitikia.

Siku moja msimamizi wake, Bi. Natalia, alimpita pale akamwuliza, "Badria, unaongea na nani muda wote huo?"

"Siongei," Mama akamjibu. "Niko on hold."

"Hold imekwisha. Maboksi yanakuita."

Mama anasema kwamba kwa kweli maboksi ndiyo pekee yaliyompokea siku ile.

3. Kuhusu uthibitisho. Ofisi haitaki watu wavivu, jambo ambalo naliunga mkono. Inataka Mama aje na barua kutoka kazini inayothibitisha kwamba anafanya kazi. Barua hiyo hutolewa na ofisi ya wafanyakazi, ghorofa ya juu ya ghala, ambayo hufunguliwa saa tatu na kufungwa saa kumi, wakati ambao Mama yuko ghorofa ya chini akifanya ile kazi inayotakiwa kuthibitishwa. Ili kuthibitisha kwamba anafanya kazi ni lazima aache kufanya kazi.

Mama aliomba ruhusa ya asubuhi moja. Bi. Natalia alimwambia kwamba akimpa yeye atawapa wote, na akiwapa wote viatu vitajipanga vyenyewe. Akamkumbusha kwamba mwezi uliopita, Mansour alipolazwa, Mama alikosa kazini siku moja, na kwamba jina lake likikosekana tena kabla ya mwezi huu kwisha wataliondoa moja kwa moja.

Hapa, Ndugu Mhariri, nilikaa nikafikiri. Mama akienda ofisini atapoteza kazi. Akipoteza kazi atakuwa na nafasi tele ya kwenda ofisini. Na akifika huko hana kazi, atastahili kusaidiwa hata zaidi ya anavyoomba sasa. Kwa hesabu hiyo njia fupi kuliko zote ya kupata kadi ya mtoto ni kufukuzwa, na nashangaa kwamba njia hiyo haikuandikwa katika karatasi zao za maelezo, ambazo kwa mambo mengine zimeeleza kila kitu.

4. Kuhusu ujumbe wetu. Mjomba Ngwali, kaka yake Mama, huuza udi na mafuta mazuri katika soko la mwisho wa wiki, na kwa hiyo katikati ya wiki ana nafasi ya kutoa ushauri. Yeye alisema kosa ni letu wenyewe. Alisema jambo la heshima haliendi kwa miguu ya mwenye haja.

"Wewe Badria ulikwenda kujiposa? Si walikuja watu? Basi na kadi nayo inafuatwa na watu."

Kwetu Zanzibar, kama unavyojua, aendaye kuomba si yule anayetaka. Huenda mshenga, na nyuma yake wazee wawili watatu, na mkononi kitu kitamu. Mama alikuwa amechoka, akasema fanyeni mnavyoona. Anaposema hivyo maana yake ni hapana, lakini Mjomba hujifanya hajui.

Basi Jumatano iliyopita tulikwenda. Mjomba alivaa kanzu na koti lake la harusi. Alifuatana naye jirani yetu, Mama Annonciata, Mkongo kutoka Bukavu, ambaye hufanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Mimi nilikuwa mkalimani, na siku hiyo nilikosa shule kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma. Tulipanda treni tukiwa na bakuli la halua lililoletwa na msafiri.

Mlangoni mlinzi alisema kila kitu kipite katika mashine. Halua ikapita peke yake kama abiria. Mlinzi akaitazama kwenye kioo, akaitoa, akaibonyeza kwa kalamu, nayo ikatikisika. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akaibonyeza. Mama Annonciata, macho yakimfumba, akawaambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mukule basi, ao muache. Hii si mutu wa kukamata." Nikafasiri ile nusu ya kwanza. Wakaonja, na nadhani ndiyo sababu tuliingia.

Tulikaa mpaka namba yetu ikaitwa. Karani alikuwa dada kijana mwenye uso mwema. Akauliza namba ya faili. Mjomba akaniambia nimjibu kwamba tutafika huko, ila kwanza anaulizia hali za wazazi wake. Nikauliza. Karani akasema hawajambo, kwa mshangao kidogo. Mjomba akamshukuru Mungu, akakohoa, akaanza ile hotuba anayoitoa katika posa zote za ukoo wetu, kwa kuwa ndiyo hotuba pekee anayoijua ya kwenda kuomba kitu kwa watu. Alisema tumetoka mbali, njiani tukaliona ua zuri katika bustani yao, nasi tumekuja na adabu zetu kuliomba, na kwamba tukikataliwa leo hatutaona haya kurudi kesho.

Mimi ni mkalimani mwaminifu. Niliifasiri neno baada ya neno, macho yangu yakiwa mezani.

Karani aliiweka kalamu mezani. Kisha akainua mkono wa kushoto, akatuonyesha pete. "Mwambie samahani, nimeolewa."

Nikamwambia.

"Mpe hongera," akasema Mjomba, "na mwenye nyumba ampe salamu zangu. Sasa tuingie kwenye kadi."

Mama Annonciata alicheka mpaka usingizi ukamtoka. Karani naye alipoelewa alicheka, akala kipande cha halua, akaniomba nimwandikie jina la chakula hicho. Kisha akatueleza kwa upole kwamba angependa sana kutusaidia, ila sheria inamtaka mama mwenyewe, na ile barua ya kazini. Nilisikitika njia nzima. Mjomba alirudi ameridhika kabisa. Alisema posa ya kwanza haikubaliwi popote, na kama ingekubaliwa, yeye angeanza kuichunguza familia.

5. Kuhusu shule. Siku iliyofuata shule yangu ilitoa taarifa kwamba sikuhudhuria, na kwamba mzazi wangu anatakiwa afike mwenyewe kueleza sababu, katika ofisi ya mahudhurio, kabla ya saa kumi. Mama, ambaye hawezi kuwa mahali pawili, sasa anatakiwa awe mahali patatu. Sababu iliyonifanya nikose shule ni kwamba Mama hawezi kufika, na ili sababu hiyo ikubaliwe Mama ni lazima afike aieleze. Mjomba amejitolea kwenda badala yake na hotuba yake. Nimemwomba sana asiende. Mkuu wetu wa shule ni mjane.

6. Kuhusu pumu yenyewe. Haifuati saa za ofisi hata kidogo, wala sikukuu. Naliandika hili kwa ajili ya haki tu, isionekane kwamba ninawalaumu binadamu peke yao.

Sasa naja kwenye ombi langu, au tuseme maombi yangu, maana ni mawili.

La kwanza ni dogo. Naomba ofisi ifunguliwe JUMAMOSI. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu sijui kupaza sauti. Jumamosi moja tu kwa mwezi ingetosha, hata kama ni ya mvua.

Lakini najua kwamba mambo ya serikali hupikwa kwa moto wa mshumaa, na dawa ya Mansour haiwezi kungoja chungu kichemke. Juzi aliniuliza kama, dawa ikiisha, anaweza kuwa anapumua kidogo kidogo mpaka Mama apate likizo. Nilimwambia aulize kitu kingine. Kwa hiyo ombi langu la pili, ambalo ndilo kubwa, ni hili: naomba, kupitia jarida lako, familia yetu iazimwe mama wa mchana.

Nieleze. Hapa mtaani tuna akina mama wa aina mbili. Wako wanaofanya kazi mchana na kulala usiku, na wako wanaofanya kazi usiku na kulala mchana. Wale wenye kazi ya mchana hawawezi kwenda ofisi yoyote. Wale wenye kazi ya usiku wangeweza kwenda ofisi zote, lakini wakati huo wamelala, na kwa maoni yangu huo ni upotevu mkubwa wa mama. Kila mtoto angekuwa na wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wakiandikishwa kisheria, hakuna mzazi ambaye angekosa kazini, na hakuna karani ambaye angekosa mtu wa kumwambia arudi kesho.

Sikusudii udanganyifu. Sitaki mtu avae baibui la Mama ajifanye ndiye, ingawa Mjomba alilisema hilo na ikabidi tumkumbushe kwamba Mama ni mwembamba kama uzi wa cherehani na Mama Annonciata akikaa kwenye kiti cha treni, kiti cha pili nacho kinajua. Nakusudia utaratibu wa wazi, wenye muhuri. Mama Annonciata mwenyewe amekwisha jitolea. Nilipomweleza kwamba foleni ni ndefu alisema, "Miye nalalaka muchana. Nikilala ku nyumba ao nikilala ku biro, kulala ni kulala. Wataniamusha." Biro kwao ni ofisi.

Kwa kuwa hatupendi kupokea bila kutoa, Mama naye atakuwa Mama Annonciata saa za jioni, wakati mwenzake anapojiandaa kwenda kazini. Haja yake kubwa ni mazoezi ya kwaya kanisani kwao, ambako mahudhurio huandikwa na asiyefika husemwa. Mama amekubali kwenda kumshikia nafasi, kwa sharti kwamba yeye ni Mwislamu, atakaa tu, hataimba. Mama Annonciata amesema hakuna neno, nusu ya kwaya ndivyo inavyofanya.

Naomba basi ufungue ukurasa wa kuazimana mama, pengine baada ya ukurasa wa mapishi. Nimekuandikia mfano wa tangazo, ulitumie upendavyo: "Mama wa kazi ya usiku, mpole, mzoefu wa foleni, anayeweza kulala ameketi, anatafuta mama wa kazi ya mchana wa kubadilishana naye. Watoto wawe wanaojua tarehe zao za kuzaliwa. Wasiwe na mbwa."

Nimelifikiria pia suluhisho kubwa zaidi, kwamba ghala na viwanda vyote vya Dallas vihamie usiku, ili mchana watu wote wawe huru kwenda ofisini. Lakini naona kwamba makarani nao wana kadi za watoto wao za kuhuisha. Wataomba wahamie usiku kama wenzao, ofisi zitawafuata, na tutarudi palepale tulipoanza isipokuwa gizani. Kwa hiyo nabaki na ombi la mama.

Nafahamu kwamba wako watakaoniambia nishukuru kwamba Mama ana kazi. Nashukuru kila siku. Nashukuru hata sasa ninapoandika. Ninachoomba ni kwamba shukrani hiyo ipewe nafasi ya kutoka nje saa nne asubuhi kwa muda mfupi.

Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa na wadogo. Nisalimie mwenye duka la nyama, na umwambie jarida lisiwekwe tena juu ya friza, kurasa za mwisho huwa zimelowa na mashairi hayasomeki. Wasalimie walinzi wale wawili, na dada karani na mumewe mwenye bahati. Na kwa sababu dini yetu inatutaka tumtakie mema kila mtu, hata Bi. Natalia wa ghalani nisalimie, kwa kifupi.

Ni mimi, ninayekuheshimu na nisiyeweza kukupigia simu,

Nuha Abdulhafidh.

Nyongeza, Jumatano jioni.

Ndugu Mhariri, barua hii haijatoka kwa sababu sikuwa na stempu. Naomba sehemu hii uisome kwanza. Kama umekwisha kuisoma ile ya juu, naomba uisahau.

Jana Mama alikwenda. Hakumwambia mtu. Asubuhi alipiga simu kazini akasema nyumbani kwake kuna kifua kibaya. Hakusema cha nani, kwa sababu Mama hasemi uongo. Akapanda treni akijua kwamba leo, Jumatano, huenda asiwe na kazi. Alichukua namba, akatafuta kiti cha nyuma. Kwenye kiti cha pili yake palikuwa na mwanamke aliyejifunika uso kwa gazeti la kuuzia magari, naye alikuwa hapindui ukurasa. Mama siku hizi humjua mtu kwa viatu.

"Bi. Natalia?" akasema.

Gazeti likashuka polepole. "Mimi niko kwenye mkutano," akasema Bi. Natalia.

"Na mimi nina kifua," akasema Mama.

Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kumbe Bi. Natalia ana watoto watatu wenye kadi kama ya Mansour, na ile mikutano yake, ambayo ghala nzima huisikia, yote hufanyika pale kwenye viti vile. Alimwambia Mama kwamba huwanyima watu ruhusa kwa sababu aliye juu yake humnyima yeye, na kwamba kila akimnyima mtu huenda msalani akakaa kidogo. Mama alipomtajia barua ya uthibitisho, aliomba kalamu, akaiandika palepale juu ya goti, kwamba Bi. Badria ni mfanyakazi hodari ambaye hakosekani kazini, akatia sahihi na tarehe ya jana na saa, saa nne asubuhi. Karani akaisoma. Akamtazama Mama, akamtazama Bi. Natalia, akatazama saa ya ukutani, akapiga muhuri.

Kadi ya Mansour imehuishwa. Dawa mpya tumeichukua leo, na ukiitikisa inajibu kama mtu aliyeshiba. Kazi ya Mama ipo. Katika kumbukumbu za ghala ameandikwa kwamba jana alikuwa mkutanoni. Na kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha haribika vizuri, alipitia shuleni akaeleza kwa nini nilikosa, akawaambia pia kwamba Kiingereza ninakijua, na sasa walimu wangu wanajua.

Lakini silo lililonifanya nifungue tena bahasha. Mama alirudi na uso ambao nilikuwa nimeusahau. Alikaa saa tatu kwenye kiti chenye mgongo, katika ubaridi mzuri, hapana boksi, hapana kengele, hapana aliyemwita. Alisinzia yeye, Bi. Natalia akiangalia namba, kisha Bi. Natalia akasinzia, Mama akiangalia namba. Anasema tangu tufike Amerika hajapata kukaa mchana, akiwa mzima, bila mtu kumwuliza kitu, na hajui kwa nini watu wanaisema vibaya foleni.

Kwa hiyo ananiomba nikuombe uifute ile JUMAMOSI. Ofisi ikifunguliwa Jumamosi, ghalani watawaambia waende Jumamosi, na raha yote itakuwa imekwisha. Bi. Natalia anasema hivyohivyo, na kwa ukali zaidi. Mama wa mchana pia hatumhitaji tena, na Mama amesema atakayethubutu kwenda kumkalia foleni yake watakosana.

Kadi hizi huhuishwa kila baada ya miezi sita. Mama na Bi. Natalia wanauliza kama haiwezekani iwe kila baada ya mitatu.